Aktos na Hereni za Kesho

Asubuhi ile nilikwenda kuanua nepi za mbwa, nikazikuta zimeganda kambani. Cheka ukitaka. Nilizishona mwenyewe, kwa cherehani ile ile ninayoshonea mifarishi ya maharusi wa watu, kutoka kwenye mashuka ya marehemu baba, nikazitia tepe za kufungia kiunoni na tundu la mkia. Mwezi wa kumi baridi ya kwetu Kegen, huku milimani, haina simile. Kitu ukikianika na maji yake, ukirudi unakikuta kigumu kama ubao. Nikawa nazibandua moja moja, na jirani yetu Bibi Raushan amesimama upande wa pili wa ua na ndoo yake, ananitazama.

"Ulbolsyn, mwanangu," akasema, "hereni hujavishwa, nepi zimeshajaa kambani. Nyinyi mmeanzia mwisho?"

"Ni za Aktos, bibi."

"Mimi najua ni za Aktos. Mama mkwe wako akija kesho atajuaje?"

Nikacheka ili yaishe. Lakini neno lake lilinichoma, maana hiyo kesho ndiyo niliyokuwa naiogopa. Kesho mama yake Nurdaulet alikuwa anakuja na shangazi zake kunivisha hereni, na kwetu mwanamke akishavishwa hereni na mama wa mwanamume, basi ameshachukuliwa, kilichobaki ni sherehe tu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilikuwa nampenda Nurdaulet hata gari lolote likipunguza mwendo pale kona yetu, moyo unanitoka. Na mama yake alikuwa ametoa sharti moja tu: yeye hakanyagi nyumba yenye mbwa, wala mkwe wake asije kwake na mbwa. Malaika hawaingii, alisema, na huyu mbwa wao hata mkojo haumkai.

Kwa hiyo siku ile Aktos alikuwa anaondoka. Nurdaulet angekuja kumchukua alasiri, ampeleke kwa mjomba wake anayechunga kondoo huko juu milimani.

Aktos hakuwa mbwa wangu. Alikuwa wa mdogo wangu, Bekarys. Jina langu mimi maana yake ni "awe wa kiume". Wazazi wangu walipopata msichana walimpa jina hilo ili Mungu asikie, na Mungu akasikia, akazaliwa Bekarys. Basi nyumba yetu ikamzunguka yeye, na sikuona wivu, maana na mimi nilikuwa namzunguka. Alipokua akajinunulia mbwa wa kuwindia, jike, mwembamba wa kiuno, miguu mirefu, kifua cheupe. Mbwa wa namna hiyo hata babu zetu walimruhusu alale ndani, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na baridi inamuua. Wakawa wawili hao hawaachani. Majira ya baridi ya mwaka juzi gari la Bekarys likateleza kwenye barafu, likaingia chini ya lori. Bekarys akafa pale pale. Aktos, aliyekuwa kiti cha nyuma, akatoka bila mkwaruzo.

Tangu siku ile Mama hakumtaja tena kwa jina. Alimwita "kile". Kile kimelala mlangoni. Kile kimekojoa tena. Niliwahi kumsikia akimwambia Bibi Raushan, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeongea bei ya unga, "Ndani ya gari kulikuwa na viumbe wawili, Raushan. Mungu akanirudishia mbwa."

Mimi nikamlea. Nikimshika masikio nilikuwa nashika mahali mkono wa Bekarys ulipopita. Nani angenielewa? Nurdaulet alisema ananielewa.

Mkojo ulianza kiangazi hiki. Mwanzoni nilidhani uzee. Aktos, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuchafua ndani, nilimkuta asubuhi amelala kwenye dimbwi lake mwenyewe, macho ameyaelekeza ukutani kwa aibu. Kisha ikawa kila siku, kisha ikawa kila saa. Analala, unatoka. Anasimama, unatiririka miguuni. Na maji aliyokuwa anakunywa! Alimaliza beseni lake, akaenda kwenye ndoo, akaenda kwenye maji niliyolowekea nguo yenye sabuni, akayanywa hayo nayo. Nikawa sina kazi ila kufua, kudeki na kuanika. Nilimpeleka Almaty kwa daktari wa mifugo, dada mmoja mpole mwenye mikono midogo. Alimpima damu, akampima mkojo, akampiga picha tumboni.

"Sukari hana," akaniambia. "Mawe hana. Uvimbe siuoni. Lakini figo zinaanza kuchoka, na sijui kwa nini. Anakula nini nyumbani?"

"Uji wa ngano na vipande vya nyama. Napika mwenyewe, chumvi sitii."

"Hakuna kingine? Hakuna mtu anayempa mabaki ya mezani?"

Nikamjibu kwa uhakika wote. "Nani ampe? Tuko wawili tu nyumbani, na mama yangu hawezi hata kumtazama."

Daktari akaniandikia dawa za kujaribu. Tukajaribu hizo, tukajaribu nyingine, nikajaribu na majani ya Bibi Raushan, nikampeleka hata kwa mzee wa dua, akanifukuza kwa kumletea mbwa. Wapi. Aktos akazidi kukonda, na mimi nikamkondea.

Siku moja nilimlilia Nurdaulet kwenye simu. Akasema, "Mpunguzie maji. Anakojoa kwa sababu anakunywa."

"Daktari alisema nisimnyime."

"Daktari anakaa mjini. Mimi nimekulia kwenye zizi. Mpunguzie, utaona."

Nikamtii, maana yeye ndiye mtu wa mifugo. Usiku nikawa naficha ndoo na kufunga mlango wa jikoni. Asubuhi moja nikamkuta Aktos amesimama kwa miguu ya nyuma dirishani, analamba barafu iliyoganda kwenye kioo. Nilimtazama, nikarudi kitandani kulia.

Nurdaulet nilimpata sokoni, soko la mifugo la Jumapili. Nilikwenda kununua sufi ya mifarishi, nikamkuta anabishana na mnunuzi mnene kuhusu kondoo mmoja. Ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, na akicheka kovu linapanda. Mnunuzi alipoondoka nikamuuliza kama kondoo wake wana uzito wa kweli.

"Wa kweli kabisa," akasema. "Ila jioni kabla ya soko nawawekea chumvi wairambe mpaka wakinai. Asubuhi wanakunywa maji kama wanataka kumaliza mto. Mnunuzi anapima maji, anadhani nyama."

"Na wakikojoa?"

"Wakojoe kwa mnunuzi. Kwangu wameshatoka."

"Huoni haya?"

"Naona. Ndiyo maana nakuambia wewe, ili tuwe wawili."

Kovu likapanda. Na mimi, mtu mzima, nikarudi nyumbani nimesahau sufi.

Siku ya kwanza alipokuja kwetu kunywa chai mikono ilinitetemeka. Hapa kwetu mgeni unamtilia chai kidogo, chini ya kibakuli, ili akurudishie umwongeze, tena na tena. Ukimtilia kidogo unamwambia kaa, bado tunakutaka. Ukimjazia mpaka ukingoni, unamwambia kunywa uende zako. Mimi kwa kuchanganyikiwa, macho yako kwake na mkono uko kwenye bomba la samovari, lile birika kubwa la kuchemshia maji, nikajaza mpaka ikamwagika. Mama akafumba macho. Nurdaulet akakishika kibakuli kwa mikono miwili, akaniangalia muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akasema taratibu, "Mmeshanifukuza? Ndiyo kwanza nimevua viatu." Hata Mama akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tumzike Bekarys, na nadhani ndiyo siku niliyoamua kwamba huyu ndiye.

Basi alasiri ile akaja. Pikapu yake nyeupe, nyuma ametandika majani makavu. Akashuka, akanikuta nimesimama na Aktos barazani, nimemvisha nepi safi na koti nililomshonea kwa kipande cha mfarishi. Akanishika vidole vilivyokufa ganzi, akaviingiza ndani ya koti lake, ubavuni, palipo na joto. Ananukia baridi na mafuta ya kondoo. Nilitamani tusimame hivyo mpaka kesho ipite.

"Umelia," akasema.

"Moshi wa jiko."

"Ulbolsyn."

"Nimelia. Basi."

"Kesho yataisha haya. Mama akishakuvisha hereni, hakuna atakayekusumbua tena. Hata yeye. Namjua, anapiga kelele mlangoni, akishaingia ndani anapoa."

"Mjomba wako atamweka ndani?"

Akayatoa macho yake kwangu, akautazama mlima. "Ni mchungaji yule. Mbwa wanalala nje."

"Aktos ana ngozi kama karatasi. Na kila saa ameloa. Kule juu theluji imeshaanza."

"Atazoea."

"Nurdaulet, mbwa aliyeloa hazoei theluji."

Wote wawili tulikuwa tunajua jibu. Nikambeba Aktos, mwepesi kama kapu tupu, nikamlaza kwenye majani. Hakukataa. Alidhani tunakwenda kuwinda.

Hapo mlango ukafunguka, akatoka Mama.

Alikuwa amejitanda shali lake jeupe, mkononi ana kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Nilidhani anamletea Nurdaulet zawadi ya mjomba. Lakini akampita Nurdaulet, akanipita mimi, akaenda mpaka kwenye pikapu, akasimama mbele ya mbwa ambaye kwa mwaka na zaidi hakuwahi kumwita kwa jina. Aktos akamtikisia mkia. Akamtikisia kama mtu aliyemzoea.

"Hiki kiwekwe karibu naye," Mama akasema bila kututazama. "Safari ni ndefu, ataona njaa."

"Kuna nini humo, Mama?"

"Kuruti. Kuna nini kingine."

Kuruti ni vidonge vya maziwa mgando tunavyovikanda na chumvi na kuvikausha juani mpaka viwe kama mawe. Sisi wote tumelelewa navyo. Bekarys ndiye alikuwa mwehu wa kuruti; mifuko ya koti lake haikuzikosa, na Mama kila kiangazi alimtengenezea zake peke yake, zenye chumvi nyingi, kama alivyozipenda. Kiangazi cha kwanza baada ya msiba Mama hakutengeneza hata moja. Kiangazi hiki alitengeneza tena, akazipanga kwenye ungo juu ya paa la jiko, na mimi nikamshukuru Mungu, nikasema sasa anapona. Sikujiuliza anayezila ni nani.

"Mama," nikasema, "umekuwa ukimpa Aktos kuruti?"

"Na wewe unaona vibaya?" Akafunga shali vizuri. "Mkono ulizoea kuzikanda. Nikazikanda. Zikakauka, nikakuta hakuna wa kumpa. Wewe tangu mdogo huzitaki. Kile kikaja kikakaa miguuni pangu jikoni, kama alivyokuwa anakaa na mwenzake wakigawana. Nikakitupia moja. Kikala." Akapangusa uso kwa ncha ya shali. "Basi nikawa nakipa asubuhi ukienda dukani, na jioni ukiwa kwenye cherehani. Konzi moja tu. Kuruti itamuua nani?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimekaa jikoni nalia na mbwa?" Akamgeukia Nurdaulet. "Mwenyewe huyu alinikuta siku ile amekuja na kondoo wa kafara. Nikaona haya, akaniambia mpe tu, mama, anazipenda, usijali. Muulize."

Kisha akaingia ndani kuchemsha samovari. Mtu hatoki kwa Mama bila kutia kitu mdomoni.

Nilibaki nimeshika ukingo wa pikapu. Kondoo wa kafara tulimchinja kiangazi, maziwa yakiwa bado mengi. Nikahesabu kwa kichwa nepi, ndoo, dawa, safari za Almaty, nikaacha kuhesabu.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilimwona siku moja tu."

"Siku moja inatosha. Mtu unayewapa kondoo chumvi wakanywe maji sokoni. Wewe ulijua kuliko daktari."

"Ulbolsyn, nisikilize." Akasogea, akashusha sauti. "Nilimkuta mama yako amepiga magoti chini. Anamlisha mbwa kidonge kimoja kimoja, anamwita Bekarys. Unasikia? Anamwita Bekarys. Ningefanya nini, ningemnyang'anya kifuko? Ningemtia haya mama wa mtu? Ungekuwa wewe ungemnyang'anya?"

Maneno hayo yalinipiga. Nilimwona Mama kama alivyomwona yeye, na nikamwona yeye mlangoni, mwanamume mwenye huruma, anarudi nyuma taratibu asimshtue. Nilikuwa karibu kumwomba radhi.

"Hukuweza kumwambia Mama," nikasema. "Sawa. Mimi je? Nilikuwa nakulilia kila wiki kwenye simu."

"Nilitaka kukuambia."

"Badala yake ukaniambia nimnyime maji."

Akaanza kuchezea vifungo vya koti lake.

"Amekula chumvi mchana kutwa, Nurdaulet, na mimi nikamfungia maji usiku, kwa neno lako. Alilamba dirisha. Nilikuambia kwamba alilamba dirisha. Ulisema nini? Ulisema atazoea."

Akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo. Hakuwa mwongo mzuri, hilo namshukuru. Angeweza kunidanganya, nami ningemeza, maana nilikuwa natafuta cha kumeza.

"Ningekuambia," akasema, "angepona."

"Ndiyo."

"Akipona usingemwacha." Alinitazama moja kwa moja, macho mekundu. "Nakujua. Mbwa mzima usingempa mtu yeyote, hata mama yangu aje na hereni za dhahabu mpaka miguuni. Ungebaki humu na mama yako na nguo za marehemu na mbwa wa marehemu mpaka mzeeke. Nikasema akizidi kuwa mzigo, utamchoka mwenyewe. Utaachia mkono mwenyewe, nami nitakuwa pale. Nilikutaka wewe. Sikujua njia nyingine ya kukutoa humu ndani."

"Ungeniomba."

"Nilikuomba. Kila nilipokuomba ulisema Aktos."

Nami nilijua ni kweli, ndiyo maana niliumia. Alikuwa ananipenda. Nisingeumia hivyo kama angekuwa hanipendi. Nilitazama ule uso, ile nyusi yenye kovu, nikamwona katika miaka ijayo, kitandani kwetu, mezani kwetu, ananitakia mema yangu bila kuniambia. Nikajiona nikiumwa na yeye anajua kinachoniumiza, amekaa kando yangu ananishika mkono, anasubiri nichoke.

"Wakojoe kwa mnunuzi," nikasema. "Nilicheka siku ile."

"Usifanye hivyo, Ulbolsyn."

"Njooni mnywe chai, inapoa," Mama akaita dirishani.

Nikamteremsha Aktos kwenye pikapu. Nurdaulet alisogea anisaidie, kisha akashusha mikono. Nikaingia ndani na mbwa wangu, nikamlaza kwenye zulia lake katika baraza ya ndani, panapovuliwa viatu, nikamwekea beseni lililojaa maji, nikaacha mlango wa jikoni wazi.

Mama alikuwa ameandika meza ya chini, mkate, siagi, jamu ya zabibu, vyote vya kesho amevitangulizia leo. Nurdaulet akakaa mahali pa juu, pa mkwe, kwenye mfarishi mwekundu niliokuwa nimeumaliza wiki ile kwa ajili ya mama yake. Nikakaa kwenye samovari, kwa kuwa ndiyo kazi ya binti wa nyumba. Nikamtilia Mama kidogo, kwa adabu. Nikachukua kibakuli cha Nurdaulet. Nikatia maziwa. Nikatia chai ya rangi. Nikafungua bomba la maji moto, nikaliacha wazi.

Mama aliona kwanza. Mkono wake wenye mkate ukasimama.

Chai ikapanda mpaka ukingoni, ikasimama pale ikiwa imejaa pomoni, haimwagiki. Nikakibeba kwa mikono miwili, nikampa.

Alikitazama muda mrefu. Nje pikapu yake ilikuwa bado inanguruma, hakuizima kwa ajili ya baridi.

"Umejaza," akasema.

"Nimejaza."

"Siku ile mikono ilikuwa inakutetemeka."

"Leo haitetemeki."

Kisha akakiinua, akanywa, chai ya moto ile ile, bila kupuliza, bila kupumzika, na machozi yakamtoka, sijui ya moto au ya nini. Alipomaliza akakilaza kibakuli ubavu, ishara ya kwamba ametosheka, akashukuru kwa dua fupi, akainuka.

"Asante kwa chai, mama," akamwambia Mama.

"Nenda salama, mwanangu," Mama akasema, na hakuuliza kitu.

Nilimsindikiza mpaka barazani. Aktos akamnusa viatu akivivaa, akamtikisia mkia, maana mbwa hajui. Nurdaulet akainama akamshika kichwa. Mkono wake ulikuwa karibu na wangu kabisa.

"Mama yangu ameshakanda maandazi ya kesho," akasema chini chini. "Nimwambie nini?"

"Mwambie mbwa bado yupo."

Akaondoka. Nilisimama gizani barazani nikasikiliza. Gari lilipofika kona likapunguza mwendo, na moyo ukanitoka kama kawaida yake. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Kisha gari likaongeza mwendo, sauti ikapungua, ikaisha.

Niliporudi ndani Mama alikuwa hajasogea. Kile kifuko cha kuruti nilikuwa nimekirudisha na Aktos, sijui hata nilikiweka saa ngapi juu ya meza. Alikuwa amekishika magotini, anafungua uzi na kuufunga.

"Ni hizi, siyo?" akasema.

"Ni chumvi, Mama. Mbwa hawezi chumvi nyingi namna ile."

"Mkojo wote ule."

"Daktari alisema figo bado zinafanya kazi. Tukiacha leo, huenda."

"Huenda," Mama akarudia. Barazani Aktos alikuwa anakunywa maji, tukamsikia wote wawili, anakunywa na kunywa. Alipotosheka akaja mlangoni, akasimama, na mkojo ukamtoka pale pale aliposimama, akageuza uso wake ukutani. Hakuna aliyeinuka.

"Aktos," Mama akamwita. "Njoo. Njoo, mwanangu, hujakosa lolote."

Akaja akalala miguuni pake. Mama akatia mkono kwenye kifuko kwa mazoea, akatoa kidonge kimoja, kisha akakumbuka. Akabaki amekishika hewani. Aktos alikitazama. Sijawahi kumwona Mama akiwa mzee kama dakika ile.

"Sasa hizi nimpe nani?" akaniuliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa.

Tangu utoto sikuwahi kuzipenda kuruti. Nikasogea kwenye ule mfarishi mwekundu, nikakaa mahali palipokuwa bado na joto la Nurdaulet, nikafungua kiganja.

"Nipe mimi, Mama."

Akaniwekea. Ilikuwa ngumu, chachu, na ile chumvi ya Bekarys ikanijaa kinywani mpaka puani. Mama alinitazama nikitafuna. Nilipoimaliza akatia mkono kifukoni, akanipa nyingine.